Jina Halilipi Nauli

Kila mwaka vijana waliohitimu masomo ya uanahabari huzunguka Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, na bahasha za kaki mkononi, wakitafuta kazi ya redio, gazeti au runinga. Na kila mwaka wanapewa ushauri uleule na watu wanaowatakia mema: wazazi, walimu, watangazaji waliotangulia. Anza bure. Jitolee kwanza, watu wakujue, kazi itakuja yenyewe. Mvumilivu hula mbivu.

Ushauri huu ni mbaya na tuache kuutoa. Kufanya kazi bure hakumpi kijana kazi ya habari. Kunamfundisha mwenye kituo kwamba kazi ya habari inaweza kufanywa bila malipo, na akishajifunza hivyo hana sababu ya kumlipa mtu yeyote. Wa kwanza kuumia ni kijana mwenyewe, kisha tunafuata sisi wote tunaomtegemea atuambie yanayotendeka katika kaunti zetu.

Wanaotetea desturi hii husema huku mashinani hakuna kazi za kuomba, kwa hiyo kijana ashukuru akipata hata pa kushika maikrofoni. Si kweli. Bungoma kuna West FM. Kitale kuna Imani Radio ya dayosisi ya Kanisa Katoliki. Magazeti na runinga za Nairobi zina waandishi wao huku, Shirika la Habari la Kenya lina maafisa katika kaunti, na serikali za Trans Nzoia na Bungoma zina vitengo vyao vya mawasiliano. Kazi ya habari inafanywa kila siku, alfajiri hadi usiku. Swali ni nani analipwa kwa kuifanya. Na kwa kuwa desturi ya kujitolea imeenea nchini kote, sitataja kituo chochote kwa ubaya. Nailaumu desturi yenyewe.

Tazama jinsi redio ndogo inavyojiendesha. Pesa zinaingia kutoka kwa maduka ya agroveti, shule za kibinafsi, sako na hospitali zinazotangaza biashara. Zinaingia kwa matangazo ya vifo na mazishi, kwa wahubiri wanaonunua saa za hewani, na kwa wanasiasa kila uchaguzi unapokaribia. Pesa zinatoka kwa leseni na ada za masafa za Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kodi ya nyumba, kwa umeme, kwa fundi wa mtambo. Usipolipa umeme unakatiwa. Fundi naye hapandi mlingoti kwa ahadi. Gharama pekee inayoweza kushushwa hadi sufuri ni mtu anayezungumza, kwa sababu yeye ameambiwa na nyumbani, chuoni na kituoni kwamba malipo yake ni kujulikana.

Basi anafika studioni saa kumi na moja alfajiri. Anayapitia magazeti na kuvigeuza vichwa vya habari kuwa Kiswahili au Lubukusu, lugha ya Babukusu, kabla ya taarifa ya kwanza. Anatoka kwenda mahakamani au kwenye mkutano wa kaunti, anarekodi kwa simu yake, anatuma sauti kwa bando lake. Anarudi, anahariri mwenyewe, anasoma habari za saa saba. Anasoma matangazo ya vifo, na kila tangazo limelipiwa pale mapokezi. Jioni anaombwa arekodi tangazo la mbegu za mahindi kwa kuwa sauti yake inapendwa. Tangazo hilo litachezwa msimu mzima, mwenye duka atalipa kila linapochezwa, na mwenye sauti hataona hata senti. Mwisho wa mwezi huenda akapewa noti mbili tatu za kumshukuru, bila risiti wala saini.

Baada ya miezi minane au tisa anaulizia ajira. Anajibiwa kwamba mambo ni magumu, avumilie kidogo. Akichoka akaondoka, mwingine ameshaketi kwenye benchi la mapokezi na bahasha yake ya kaki. Hapo ndipo imani ya kwamba kujitolea huleta ajira inapoporomoka. Nafasi ya kazi haifunguki kamwe, kwa kuwa daima yupo wa kuijaza bure. Kujitolea kunakosemekana ni mlango wa ajira ndiko kunakoifunga ajira.

Na kuna anayelipa. Tuseme kijana anaishi Kiminini na kituo kiko Kitale mjini. Nauli ya matatu kwenda na kurudi, bando na chakula cha mchana, tuseme ni shilingi 300 kwa siku, na hapo nimebana sana. Akifanya kazi siku 26, hizo ni shilingi 7,800 kwa mwezi. Kwa miezi tisa ni shilingi 70,200. Pesa hizo zinatoka kwa mama aliyeuza mahindi na kuku. Mama huyo ni mfadhili wa kituo cha redio, na jina lake halijawahi kutajwa hewani.

Ndiyo maana nakataa pia hoja kwamba kujitolea huchuja wenye kipaji na bidii. Kunachochuja ni mifuko. Anayebaki studioni ni yule ambaye nyumbani kwao wanaweza kumlisha mwaka mzima. Binti wa muuza mboga wa Chwele, hata awe na sauti ya kumsimamisha mtu njiani na ufasaha wa Lubukusu wa kuwaridhisha wazee, ataondoka mwezi wa tatu kwa kukosa nauli. Akiendelea kubaki, anabaki mahali ambapo hana mkataba wala cheo, na riziki yake ya kesho iko mikononi mwa mtu mmoja. Sote tunajua mambo ambayo msichana aliye katika hali hiyo anaweza kuombwa, na anavyokosa pa kulalamika.

Mbona wakubwa wote walianza hivyo? Swali hili huulizwa kana kwamba linamaliza mjadala. Waliojenga utangazaji wa Kenya hawakuanza hivyo. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, KIMC, ilianzishwa mwaka 1961 ili kutoa mafunzo kwa wafanyakazi wa redio ya taifa. Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025 na ambaye Kenya nzima ilimjua kwa “Je, Huu Ni Ungwana?”, alikuwa mwajiriwa wa Sauti ya Kenya, redio hiyo ya taifa. Umaarufu ulimjia akiwa na kazi na mshahara, wala hakuutumia umaarufu kama sarafu ya kununulia mkate. Tunawasimulia vijana sifa za wazee hao na kusahau kuwasimulia kwamba wazee walilipwa.

Ahadi ya kwamba Nairobi itakusikia na kukuchukua nayo imechakaa. Mwaka 2016 Nation Media Group ilizifunga Nation FM na QFM. Mwaka 2020, korona ilipokausha matangazo ya biashara, kampuni kubwa za habari ziliwaachisha kazi wengi. Mwaka 2024 Standard Group ikatangaza mpango wa kuwapunguza wafanyakazi zaidi ya 300. Waliotoka huko wana ujuzi wa miaka mingi na wanaomba nafasi zilezile chache. Kijana wa Bungoma anayefanya kazi bure ili aonekane na Nairobi anapanda ngazi ambayo vidato vyake vya juu vimeng’olewa. Ngazi yake lazima ijengwe hapa, na itajengwa kwa mshahara.

Sheria iko upande wake. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Mkifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti mnayobishania. Mabadiliko ya mwaka 2022 yakaongeza kwamba mwajiri asimdai mtu vyeti vya kuidhinishwa, kama kile cha maadili mema, kabla hajaamua kumpa mkataba. Na Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu ilikiuka haki kwa kuwaweka kama wanagenzi walimu ambao tayari wamehitimu na kusajiliwa. Walimu hao walikuwa wakilipwa posho, na bado mahakama ikasema wameonewa. Mtangazaji mwenye diploma anayepewa shukrani peke yake tumwambieje?

Kuna watakaosema haya ni mambo ya vijana na waajiri wao, wayamalize wenyewe. Hapana, yanatuhusu sote. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ya Bungoma ilinunua wilbaro kumi kwa zaidi ya shilingi 109,000 kila moja. Nchi nzima ilizijua kwa kuwa karatasi zilisomwa na maswali yakaulizwa hadharani. Sasa jiulize nani atakwenda kuhesabu wilbaro zijazo. Ripota asiyelipwa hufika kwenye hafla ya kaunti kwa gari la kaunti, hula chakula cha kaunti, na hurudi na “nauli” iliyokunjwa ndani ya kiganja. Simwiti mwizi. Ana njaa, na kituo chake kimemtuma kikijua atalipwa na huyo anayepaswa kumchunguza. Habari atakayosoma saa moja jioni imeshanunuliwa.

Chukua mbolea. Mwaka 2024 waandishi wa Africa Uncensored walifichua mbolea feki iliyouzwa kwa wakulima kama ya ruzuku ya serikali. Hakuna watu walioguswa na habari hiyo kuliko wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia. Uchunguzi wa namna hiyo unataka wiki na miezi ya kufuatilia magunia, kupima udongo uliomo, kuketi na watu waoga mpaka waseme. Mtu anayehesabu sarafu za kurudi Kiminini hawezi kuufanya, hata awe hodari namna gani. Akichelewa jioni moja, analala mjini njaa.

Au simama nje ya kiwanda cha sukari cha Nzoia. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa pale wameandamana wakidai malimbikizo ya mishahara, hata kabla kiwanda hakijakodishwa kwa kampuni ya kibinafsi mwaka 2025. Ripota huwanyoshea simu, hurekodi kilio chao, hukipeleka hewani, na yeye mwenyewe hajalipwa tangu aanze. Tukiona uchungu kwa kibarua wa miwa ambaye malipo yake yamechelewa, tuone uchungu pia kwa anayetuletea habari zake, ambaye malipo yake hayakupangwa kabisa.

Wenye vituo watajibu kwamba redio ndogo haina pesa, na wengi wao hawasemi uongo. Lakini hakuna fundi wa Kitale anayejenga nyumba ya mtu mwaka mzima bila ujira eti mwenye nyumba hana pesa. Nyumba hujengwa kwa kiasi cha pesa zilizopo. Kituo kisichoweza kulipa watu kumi kilipe wanne na kipunguze saa za matangazo. Kisichoweza kutoa mshahara kamili kiandike mkataba wa nusu siku, au kiandike sehemu ya kila tangazo itakayomfikia mwenye sauti. Na mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya miezi mitatu, mwenye daftari la chuo na mwalimu wa kumtembelea, huyo anasoma na aendelee kusoma. Hoja yangu inaanza siku daftari linapofungwa na kazi inaendelea.

Kwa hiyo, wewe unayeomba kazi, acha kupeleka bahasha yenye vyeti vitupu na neno la kunyenyekea kwamba uko tayari kufanya lolote. Peleka kazi: sauti ya dakika mbili ukisoma habari kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, habari tatu ulizozifuatilia mwenyewe, na jambo moja unalolijua kuliko wengine, iwe bei ya mahindi katika Bodi ya Nafaka, kesi za mashamba, au tohara ya Babukusu ya kila Agosti ya mwaka shufwa. Kisha uliza: nitalipwa kiasi gani, tarehe ngapi, na mkataba uko wapi? Mwajiri anayekasirishwa na maswali hayo amekuokolea mwaka mzima.

Vyuo navyo viache kuwasifu wahitimu wanaofanya kazi bila malipo kana kwamba wameajiriwa. Baraza la Vyombo vya Habari, linapompa mtu kitambulisho cha uanahabari, liitishe nakala ya mkataba wake. Na kaunti, sako na maduka yanayolipia matangazo yana nguvu kuliko wote: yaulize kabla ya kulipa kama sauti itakayosoma tangazo hilo inalipwa.

Uchaguzi wa 2027 utakapokaribia, wanasiasa watakuja na bahasha nene kuliko ilivyowahi kuwa, na kituo chenye watu wasiolipwa kitakuwa rahisi kununua. Mwenye redio anayetaka tumwamini siku hiyo aanze kulipa sasa. Na kijana anayeambiwa leo ajitolee kwanza ana haki ya kujibu, kwa adabu na bila kuona haya, kwamba yuko tayari kuanza kazi siku mkataba utakapotiwa saini.