Kodi ya chumba si gharama ya kuishi Moshi
Jicho la Mlimani, na Elinami Mushi

Anayehamia Moshi huanza na swali moja kwa dalali: chumba bei gani? Swali halina kosa, ila linamfikisha nusu ya njia. Na mji unakua: Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 184,292 katika Manispaa yetu. Ile ya 2022 ikahesabu 221,733. Wauguzi wanapangiwa Hospitali ya KCMC, vijana wanaingia Chuo Kikuu cha Ushirika, wafanyabiashara wanafuata masoko, na karibu wote hulinganisha mitaa kwa kodi peke yake. Nasema mtaa upimwe kwa jumla ya fedha zinazotoka mfukoni kwa mwezi mzima.

Chukua mfano wa muuguzi wa KCMC anayekimbia bei za Shanty Town na kupanga Pasua, akaokoa Sh40,000 kwa mwezi. Hospitali iko kaskazini, Pasua iko kusini, na zamu za usiku hazisubiri daladala. Akipanda bodaboda ya Sh1,500 kwenda na Sh1,500 kurudi kwa siku 26, ametumia Sh78,000. Alichookoa kimeliwa, na kingine juu yake. Kwa mwenye duka sokoni hesabu inageuka, na Pasua inaweza kuwa chaguo bora kwake. Halafu kuna mita ya umeme, jambo ambalo dalali halitaji. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hununua uniti kwa Sh100 kabla ya tozo. Akivuka hapo bei hupanda zaidi ya mara mbili. Familia nne zikichangia mita moja, zinavuka mapema, na hata anayewasha taa mbili tu analipa kama mtumiaji mkubwa. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa kwenye LUKU. Ni deni la mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni anayenunua umeme. Mpangaji ana haki ya kudai irudishwe, na hilo lizungumzwe kabla ya kutia saini.

Wapo watakaosema mwenye kipato kidogo hana nafasi ya kupiga hesabu hizi, anachukua anachokimudu. Naielewa hoja hiyo, lakini huyo ndiye anayeumizwa zaidi na kosa. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Aliyekosea mtaa hana fedha ya kuhama tena. Wengine watashauri kupanda Kibosho au Uru, kwenye hewa baridi na migomba. Kwa anayefanya kazi huko huko ni ushauri mzuri. Ila ardhi ya huko ni kihamba cha ukoo, hurithiwa na haikutengwa kwa ajili ya wapangaji. Vyumba ni vichache, na usafiri wa jioni hupungua.

Kwa hiyo usilipe kwa kuona picha kwenye simu. Nenda ukauone mtaa baada ya mvua ya masika, urudi tena usiku. Maswali ya maji, mita na usalama waulize wapangaji waliomo ndani, maana dalali hatalala hapo.