Miruka ya Shamba Letu Isikatwe

Muhula huu yamesikika maneno kwamba miruka iliyosalia katika shamba la kahawa la shule ikatwe, na mahali pake ipandwe migrivea. Wasemao hivyo wana sababu yao: mgrivea hukua upesi, hunyooka, na mbao zake zina bei. Hayo siyakatai. Lakini naona wamehesabu kilicho juu ya ardhi tu, wakasahau kilicho chini yake.

Katika hewa tunayovuta, sehemu 78 kwa kila 100 ni naitrojeni, nayo ni chakula ambacho mmea hausitawi bila hicho. Walakini mbuni hauwezi kuitwaa hewani. Hali yake ni kama ya mvuvi mwenye kiu katikati ya maji ya chumvi.

Mruka ni jamaa ya kunde na maharage. Katika mizizi yake huota vifundo vidogo, na humo hukaa bakteria waitwao rizobia, ambao huigeuza naitrojeni ya hewa ikawa chakula. Mti nao huwalipa kwa sukari itengenezwayo na majani. Mwaka 1886 Hellriegel wa Ujerumani alilieleza jambo hili mbele ya wataalamu wenzake, na mwaka 1888 Beijerinck wa Uholanzi akafaulu kuwatenga bakteria hao. Mgrivea, uliotoka Australia, hauna vifundo vya namna hiyo.

Mtu atauliza, bakteria wa mruka wanaufaa nini mbuni? Hapo ndipo waingiapo kuvu wa udongoni, ambao si wale waharibuo mahindi ghalani. Nyuzi zao, nyembamba kuliko unywele, huingia katika mizizi ya mruka, ya mbuni na ya mgomba pia, kisha husambaa mahali ambapo mizizi yenyewe haifiki. Huleta hasa fosforasi, na vifundo vya mruka huihitaji sana ili vifanye kazi. Majani ya mruka yakianguka, na mizizi midogo na vifundo vikifa na kuoza, nyuzi hizo huokota naitrojeni na kuifikisha kwenye mbuni.

Nisije nikatia chumvi. Wako waelezao kana kwamba miti hugawiana chakula kama majirani wapelekeanao sahani jioni. Wataalamu, kwa kutumia naitrojeni yenye alama, wameona kwamba kiasi fulani kweli hutoka mti huu hadi mti ule, ila mara nyingi ni kidogo, na kama kinapita ndani ya nyuzi moja kwa moja wangali wanabishana. Sehemu kubwa hupitia majani na mizizi iliyooza. Basi mruka ambao majani yake hufagiliwa na kuchomwa moto (nasi ndivyo tufanyavyo kila Jumamosi!) utausaidiaje mbuni?

Wazazi wengine watasema mbolea ya chumvichumvi yatosha. Inafaa, lakini hununuliwa kila mwaka, tena ikimwagwa kwa wingi vifundo hupungua, maana mti ukipata chakula cha bure hauna haja ya kuwalipa watumishi.

Rai yangu ni hii: miruka ibaki, ipogolewe kabla ya masika ili isiinyime mibuni jua, na matawi mabichi yatandazwe chini. Migrivea ipandwe mpakani, tusikose mbao. Jembe nalo lisizame sana, kwani hukata zile nyuzi.

Anayedhani nasimulia hadithi na achimbue polepole shina la maharage katika bustani ya Kidato cha Pili, apasue kifundo kwa ukucha. Kikiwa chekundu-chekundu ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cha kijani, wamekwisha kuacha. Aje na jibu lake katika mkutano wa kamati ya shamba, wiki ya kwanza ya muhula ujao, kabla shoka halijatolewa stoo.