Breki za Baiskeli Si Jambo Dogo

Wanachama wenzangu,

Mwezi huu naomba tuache kidogo habari za bei na majamvi, niseme juu ya breki za baiskeli. Huenda wengine wakacheka. Lakini vuli iliyopita kijana mmoja aliyemchukulia mwanachama wetu gunia la karafuu alishindwa kuizuia baiskeli katika mteremko wenye utelezi, akavunjika mfupa wa bega. Karafuu ziliokotwa zote. Bega lake mpaka leo halijarudi sawasawa.

Haya niliyakumbuka nilipovuka kwenda Tanga, nikafika Korogwe na Handeni kwa shughuli za arusi. Handeni ni mji uliosumbuka kwa uhaba wa maji miaka mingi, na wako vijana wanaojipatia riziki kwa kuchukua maji kwa baiskeli. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, mbali na uzito wa mwenyewe. Nilimwona mmoja akishuka kilima na mzigo huo, akasimama pale pale alipotaka. Nilipomwuliza, alinionyesha kuwa ameondoa breki za fito na kutia za waya, mbele na nyuma.

Niliporudi Korogwe nilimwendea fundi baiskeli, naye akanieleza vizuri. Baiskeli zetu za zamani zina fito za chuma zinazoinua mipira miwili mpaka ikabane ringi kwa ndani. Kukiwa kukavu zashika. Lakini ringi ya chuma ikilowa, mpira wateleza, na ya alumini yashika vizuri zaidi katika mvua. Sisi msimu wetu hukutwa na mvua za vuli, na vilima vya Pemba mnavijua.

Basi mwenye uwezo mdogo aanze na mipira mipya, na fito zirekebishwe. Mwenye kutaka breki za waya ajue kuwa ringi ya zamani haina ubavu ulionyooka wa kushikwa, kwa hiyo ringi na breki hubadilishwa pamoja, na matundu ya spoku yalingane na ya habu. Wenye baiskeli za gia za mtumba nao wasinunue mkono wowote wa breki wanaouona dukani. Breki zao ndefu zataka waya uvutwe sana; mkono usiolingana hugonga usukani kabla breki haijakaza. Breki za diski ni njema katika matope, kwa kuwa haziitegemei ringi, lakini hazifungiki kwenye fremu na habu zisizo na mahali pake.

Najua hoja itakayotolewa: baiskeli ni ya kijana, si ya Jumuiya. Ni kweli. Lakini gunia ni la nani? Sisi ndio tunaomwambia awahi kabla ya kituo kufungwa. Sisi ndio tunaoongeza gunia la pili ili tuokoe ujira wa safari moja. Kisha akianguka twasema ni kudra. Kudra hatuikatai, lakini hapana aliyetukataza kuitazama mipira ya breki.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, Kamati inunue kwa pamoja mipira na waya kabla ya msimu, iwauzie wachukuzi kwa bei ya kununulia, nao walipe kidogo kidogo kutoka katika ujira wao. Pili, kila mwanachama, kabla ya kupakia, aisukume baiskeli hatua chache na kubana breki moja moja. Gurudumu likizunguka bado, gunia lisipande. Tatu, baiskeli yenye breki ya upande mmoja tu isichukue karafuu ya mwanachama yeyote, hata kama mwenyewe amezoea kukanyaga tairi kwa ndara.

Gharama ipo, sifichi. Lakini twanunua majamvi na magunia bila kunung'unika, kwa sababu twaziona karafuu juu yake. Na huyu anayezichukua tumwone pia. Nitaliweka jambo hili mbele ya mkutano ujao, na namwomba kila atakayelipinga aje kwanza tumtembelee yule kijana nyumbani kwao.

Wenu,
Katibu