Chumba Kirekebishwe Kabla ya Kununua Spika

Katika nyumba za Mirongo, mjini Mwanza, muziki husikika jioni ukipenya ukuta hata kwa jirani. Mwenye chombo, asiporidhika na sauti yake, aghalabu hukimbilia dukani kutafuta spika kubwa zaidi. Uamuzi huo mara nyingi ni upotevu wa fedha, kwani kasoro haimo katika chombo bali imo katika chumba.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde. Mtu akipaza sauti mbele ya jabali kubwa, kama yale yaliyotapakaa Mwanza, husikia mwangwi iwapo jabali liko umbali wa mita 17 au zaidi. Hapo sauti huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi. Katika chumba chenye upana wa mita 4, kuta za saruji na sakafu tupu, sauti hurudi upesi mno hata sikio lisiweze kuitenga na ile ya kwanza. Sauti hizo huchanganyika, na maneno ya mwimbaji hufifia. Pazia zito, zulia nene na kabati la vitabu hupunguza kasoro hiyo.

Spika iliyowekwa kwenye kona hutoa besi kupita kiasi, maana kuta na sakafu huirudisha sauti hiyo chumbani. Yafaa isogezwe mbele hatua moja, na iinuliwe juu ya kigoda imara hadi usawa wa sikio la aliyeketi. Kisha ncha chanya ya kikuza sauti iungwe na ncha chanya ya kila spika. Nyaya za spika moja zikigeuzwa, spika hiyo huvuta hewa wakati mwenzake anaisukuma, na besi hupotea.

Waya wa bei kubwa nao hauna faida inayolingana na bei yake. Waya wa kawaida wa shaba, wenye mkato wa milimita mraba 1, ukienda mita 5 na kurudi mita 5, una ukinzani wa omu 0.17 tu. Kwa spika ya omu 8, hiyo ni kama sehemu moja ya hamsini.

Hata hivyo, liko rekebisho moja lisilofaa kabisa. Vyombo vilivyounganishwa huweza kutoa mngurumo wa mitetemo 50 kwa sekunde, na wapo wanaokata waya wa ethi ili kuunyamazisha. Mngurumo huenda ukakoma. Lakini umeme ukivuja kwenye kasha la chuma, atakayeligusa anaweza kufa. Bora vyombo vyote vichomekwe mahali pamoja, nyaya za sauti zitengwe na nyaya za umeme, na mngurumo ukizidi aitwe fundi.

Mambo haya ni fizikia ya shule ya sekondari, nayo yastahili kufundishwa kwa vitendo. Mwalimu awaagize wanafunzi wapige makofi katika darasa tupu, kisha katika darasa lililojaa watu, walinganishe walichosikia. Mwanafunzi aliyeelewa jaribio hilo ataweza kuwaepusha wazazi wake na gharama isiyo ya lazima. Tena sauti iliyo safi haihitaji kuwa kubwa ili isikike. Jirani naye atapata usingizi.