Presha Haipigi Hodi
Presha haina kelele. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa. Wengi hujua wakishapata kiharusi, na hapo familia inaitisha mchango. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mashine za kupimia watu majumbani. Afya ni haki, Kifungu cha 43 cha Katiba. Muulize wa mtaa wako: anakuja lini? Nyumbani, chumvi isizidi kijiko cha chai kwa siku, pamoja na ile ya chipsi. Pima mapema.