Bomba Lingurumapo Darini

Vilimani Masisi asubuhi ni baridi, na mwenye kupasha maji kwa jua, pasipo kuni wala makaa, amepata neema. Lakini mabomba yakinguruma, watoto hudai mna mzimu darini!

Sikilizeni vema. Mlio mdogo jua lichomozapo ni bomba linalotanuka tu. Legezeni vibanio vyake. Kishindo kimoja robine ifungwapo ghafula ni maji yaliyokuwa mbioni yakajigonga, ifungeni polepole. Ila likitokota kama sufuria, pana hatari: hewa imenaswa, maji hayazunguki tena, mvuke waja. Nao huja upesi kwetu, kwa maana kwenye kimo cha mita 2,000 maji huchemka kwa digrii 93 hivi. Walikale, chini mwituni, hutaka joto zaidi.

Mtoto yeyote asiiguse robine hiyo. Lifunikeni kwa turubai sanduku la kioo lipokealo jua, mkangoje lipoe hadi jioni. Kisha tazameni bomba litokalo juu ya sanduku: sharti lipande mfululizo hadi kwenye pipa, lisishuke hata upana wa kidole. Palipo na nundu ndipo hewa ilipojificha.