Mwenye Deni Asijifiche

Ndugu wasomaji, huenda wengine wenu mtashangaa kuona ukurasa wa Kiswahili ukizungumza juu ya michezo ya kompyuta. Wakubwa wetu waliomaliza shule zamani watauliza, je, huko si kupoteza wakati? Lakini kutengeneza mchezo ni kazi kama kazi nyingine. Ina mafundi wake, ina wanunuzi wake, na ina madeni yake. Hayo madeni ndiyo ninayotaka kuyasema leo.

Kuna vikundi vidogo vya vijana, pengine watu watatu au wanne, wanaotengeneza michezo bila ya tajiri wa kuwalisha. Huuza mchezo ungali mbichi. Mnunuzi hutoa fedha leo, akapewa sehemu iliyo tayari, kisha akangoja iliyobaki. Fedha hizo ndizo zinazowalisha mafundi mpaka kazi iishe. Biashara ya namna hii haina dhamana ila neno la fundi, na wahenga walikwisha kutuambia ya kuwa ahadi ni deni.

Sasa sikilizeni yaliyowapata vijana wa Uingereza wa kikundi kiitwacho The Indie Stone. Mwaka 2011 walikuwa wakiuza Project Zomboid, mchezo wa mtu anayejaribu kuokoa maisha yake katika nchi iliyojaa maiti wanaotembea. Mchezo haukuwa umekamilika, na watu walikuwa wamekwisha kulipa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo wezi walivunja nyumba mjini Newcastle walimokaa wawili wao, wakachukua kompyuta mbili. Humo ndimo ilimokuwa kazi yao ya karibuni, na nakala yake haikuwako mahali pengine.

Wangeweza kufanya nini? Wangeweza kunyamaza na kusema kwamba kazi inaendelea vizuri. Wangeweza pia kufunga mlango na kwenda zao. Hawakufanya hivyo. Waliwaambia wanunuzi habari ile mbaya. Wengine waliwapa pole. Wengine waliwalaumu kwa ukali, wakiuliza ni fundi gani asiyeweka akiba ya kazi yake. Lawama hiyo ilikuwa na haki ndani yake, maana akiba haiozi. Vijana wale walirudi kazini. Mwaka 2012 walisimama hata mbele ya mkutano wa watu wa michezo wakaeleza makosa yao wazi, ili wengine wajifunze. Tena kwa miaka mingi waliendelea kuwaandikia wapenzi wa mchezo habari za kazi yao, kwanza siku za Jumatatu, baadaye Alhamisi: hili limekwisha, hili limetushinda, hili bado tunalitengeneza.

Mwezi wa Novemba 2013 mchezo uliingia katika duka kubwa la Steam, ukiwa bado haujakamilika. Desemba 2021 lilitoka toleo la 41, na mwezi uliofuata walihesabiwa watu zaidi ya 60,000 wakiucheza kwa wakati mmoja. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu wizi ule. Sisemi kwamba barua peke yake zilileta ushindi huo, kwani barua haitengenezi mchezo. Nasema kwamba barua zilimpa mnunuzi sababu ya kungoja.

Najua atatokea mtu wa kunipinga kwa mfano wa Hello Games, kikundi kingine cha Uingereza. Hao walipatwa na mafuriko katika ofisi yao mjini Guildford tarehe 24 Desemba 2013, majuma machache tu baada ya kuonyesha mchezo wao wa No Man's Sky kwa mara ya kwanza. Waliendelea, na mchezo ukatoka Agosti 2016. Wanunuzi wengi walinung'unika kwamba mambo waliyoyatarajia hawakuyaona. Kikundi kikanyamaza karibu miezi mitatu, kisha Novemba kikatoa nyongeza kubwa bila malipo, na nyingine nyingi katika miaka iliyofuata, hata walionuna wengi wakarudi. Basi mpinzani wangu atasema: mnaona? Vitendo vyatosha, maneno ya nini?

Namjibu hivi. Ni kweli kwamba vitendo ni bora kuliko maneno. Lakini hao walikuwa wamekwisha kuuza mchezo wao kwa wingi. Ghala yao haikuwa tupu. Fundi maskini anayelishwa na wateja wake siku kwa siku hawezi kununua kimya cha bei hiyo. Na hata wao kimya kiliwagharimu, kwani watu wasipopewa habari hujitungia zao. Malalamiko yalifika mpaka kwa wasimamizi wa matangazo ya biashara wa Uingereza, ambao Novemba 2016 waliamua kwamba matangazo yale hayakuvunja kanuni. Hukumu iliwapa haki, lakini kwa miezi ile mnunuzi aliachwa gizani.

Hayo si ya Uingereza tu. Mwanafunzi anayelipiwa ada na mjomba wake, naye akaanguka katika mtihani, ana deni lile lile. Akificha ripoti yake, mjomba ataisikia kwa jirani, na tangu siku hiyo hata ushindi wake utatiliwa shaka. Kamati inayochangisha fedha za maktaba kwa wanafunzi wa zamani, kisha bei ya saruji ikapanda na ujenzi ukasimama, nayo ina deni. Mficha maradhi, kilio humfichua. Inampasa mwenye deni aseme mambo matatu: kilichopotea, kilichobaki, na kazi itakayofuata. Asitaje tarehe asiyoweza kuitimiza. Na akisema mara moja asidhani amemaliza. Aseme tena mwezi ujao, hata kama habari ni ndogo.

Kwenu ninyi wakubwa wetu mnaotoa fedha, nina ombi moja. Anayekuja kwenu na habari mbaya kabla hamjamwuliza, msimpokee kwa matusi. Mwulizeni maswali magumu, mtakeni hesabu, hiyo ni haki yenu. Lakini mkimwadhibu kwa kusema kweli kuliko mnavyomwadhibu anayenyamaza, mtakuwa mmewafundisha vijana wote wanaotazama kwamba kunyamaza ndiko kwenye faida. Nasi vijana tu wepesi wa kujifunza.